Dakika Moja kwa Ajili ya Njura

Njura alipata habari za kifo chake Jumamosi alasiri, akiwa ameketi safu ya nne katika Ukumbi wa Mawe, amevaa koti lake la harusi.

Aliyezitoa habari hizo ni Kiunga, emsii aliyeletwa kutoka Makutano, Meru, kijana wa suti ya buluu aliyezoea harusi na kampeni, na ambaye kwa hiyo aliwahutubia watu waliokuwa mbele yake kana kwamba wako ng'ambo ya mto. "Kabla kinanda hakijaanza," alisema, "tusimame tumkumbuke mzee wetu, marehemu Njura, aliyekipuliza kwa mikono yake miaka mingi wakati stima hata haijafika huku. Dakika moja ya kimya."

Watu wakasimama. Njura naye akasimama. Angefanyaje? Kukatiza kimya cha msiba ili useme "mimi huyu hapa" ni kukosa adabu, na isitoshe watu walikuwa wamesimama vizuri. Mama mmoja mbele yake alikuwa hata amefumba macho. Akainamisha kichwa. Nusu ya dakika aliitumia kutafuta jambo jema la kukumbuka kuhusu marehemu, na alichopata ni kwamba hakuwa mtu wa kuchelewa.

Nusu iliyobaki aliitumia kutafuta chanzo cha kifo. Haikuwa kazi. Mwaka uliopita mkewe, Peninah, alipofariki, tangazo lilisomwa kwenye redio ya lugha ya nyumbani, na matangazo hayo yanajulikana: linatajwa jina la marehemu mara moja, upesi, kisha unafuata ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, mke wa fulani, shangazi wa fulani, mpaka msikilizaji aliyefungulia redio katikati hawezi kujua ni nani hasa anayezikwa. "…wa Njura, mpuliza kinanda wa Ukumbi wa Mawe…" Bila shaka mtu wa kamati alidakia hapo, akiwa garini, karibu na zile kona za kupanda Kibugu ambako redio hukatika. Pengine alisikitika kweli. Mazishini hakufika mtu wa ukumbi hata mmoja, na Njura aliwawekea kinyongo tangu siku hiyo. Sasa akaona amewaonea. Kumbe walikuwa na msiba mwingine.

"Asanteni, tuketi," alisema Kiunga. Hakuna aliyemtazama Njura mara mbili, wala hilo halikuwa la ajabu. Uso wake haukuwahi kuwa sehemu ya ibada za ukumbi huo. Kinanda kilisimama ukuta wa mwisho, filimbi zake zimepangwa kwa urefu kama wanakwaya, na nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye mvukuto wa ngozi mkubwa kama kitanda na mpini wa kuujaza upepo. Ukutani kilining'inia kijiwe cha madini ya risasi kwenye uzi: hewa ikipungua, kinapanda. Njura aliingia kwa mlango wa nyuma, akapandisha na kushusha mpini huku akikitazama kijiwe, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wamisheni walirudi kwao, wachungaji wakaja na kuhamishwa, kijiwe kikabaki kile kile. Mwishowe panya walikula ngozi ya mvukuto, na kwaya ikanunua kinanda kidogo cha umeme chenye kitufe cha rumba. Kile kikubwa kilinyamaza mpaka Ndwiga, meneja mstaafu wa benki aliyechoshwa na kustaafu, alipounda kamati ya kukifufua.

Peninah alikuwa mbele, kwenye kwaya, sauti ya pili. Kila Jumapili wakirudi Kanja kwa miguu alimuuliza, "Tuliimba aje leo?"

"Vizuri."

Ukweli ni kwamba huko nyuma hakusikia mtu akiimba. Alisikia ngozi ikikoroma na mbao zikilia. Lakini mtu akiulizwa na mkewe lazima ajibu kitu. Peninah naye hakudanganyika. "Wewe hata tungebweka ungesema vizuri." Akauliza tena Jumapili iliyofuata.

Akiwa hospitalini, aliposikia kwamba kinanda kinatengenezwa, alimshika mkono akamwambia, "Kikipona, usiende kujificha nyuma. Keti mbele mara moja tu, usikie ule wimbo wetu wa kufunga jioni. Halafu uniambie unakaa aje." Njura akaahidi. Hiyo tu ndiyo iliyomtoa nyumbani siku hiyo. Kuhusu kufa hakuwa na mpango wowote.

Akaanza Purity, binti wa Embu aliyesomea kinanda ng'ambo na kurudi na viatu maalumu vya kukanyagia kanyagio. Alipiga vipande vya Wazungu waliokufa zamani, na hao walikuwa wamekufa kwa uhakika. Njura hakuvijua. Lakini sauti ilipotoka kwenye zile filimbi kubwa haikuja masikioni kwanza. Ilipanda kwenye mbao za benchi, ikamwingia mapajani, ikamjaa kifua kama pumzi ya mtu mwingine. Alishika benchi. Miaka yote hiyo alikuwa kama mtu anayesukuma bomba la maji kijijini, watu wanajaza ndoo na kwenda zao, na yeye hajawahi kuonja. Akatamani kumwambia mtu. Kushoto kwake kulikuwa na nafasi tupu, na kulia bwana mmoja aliyerekodi kila kitu kwa simu na hakusikiliza chochote.

Kisha Kiunga akarudi na maikrofoni. "Tunafunga na wimbo wa jioni! Na kwa heshima ya marehemu Njura, kamati imeamua wimbo huu usipigwe kwa stima. Ule mpini wa zamani bado uko. Nani atajitolea amsaidie marehemu?"

Watu wakacheka, kisha wakatazama viatu vyao.

"Mwenyekiti?"

"Mgongo," alisema Ndwiga kwa huzuni kutoka safu ya mbele. "Daktari alikataa."

"Wanaume wa Embu! Kwetu Meru sasa hivi watu wangekuwa wanapigania huo mpini!"

"Basi puliza wewe, si umetoka huko?" sauti moja ilimjibu kutoka nyuma.

"Mimi nimelipwa kuongea, bwana." Akangoja. Kimya kikawa kirefu kuliko kile cha maombolezo. "Haya. Tutawasha stima tu. Marehemu ataelewa."

Marehemu alielewa. Alielewa kwamba ili autimize wosia wa Peninah alihitajika kuendelea kukaa, jambo ambalo ukumbi mzima ulikuwa ukilimudu bila shida. Wimbo ungekuja hapo alipo, kifuani, mara moja hiyo, naye angekuwa na jibu. Lakini akakumbuka kwamba Peninah hakuwahi kuuimba kwa upepo wa feni ya stima. Aliuimba kwa upepo wake yeye Njura. Na wimbo wa feni, hata ukiwa mtamu namna gani, si ule alioulizia. Akajiambia bado anafikiria, kumbe ameshasimama.

"Guka, wewe?" Kiunga alimshika mzee huyo kiwiko. "Hii si kukamua ng'ombe."

"Ng'ombe pia nakamua."

Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe na mpini umepigwa vanishi. Kijiwe kilikuwa pale pale. Njura akavua koti, akatafuta mahali pa kulitundika, akaona msumari wake umeng'olewa, akaliweka chini. Akaanza. Mvukuto ukajaa, ukakoroma. Ngozi ilikuwa mpya na ilikoroma kwa sauti ya ujana, ila ni mkoromo ule ule. Ng'ambo ya ukuta kitu kilianza, kama watu wanaoimba kwenye nyumba ya jirani wa mbali. Alijua ndio wimbo. Akatega sikio atafute mahali sauti ya pili ingeingia, na papo hapo kijiwe kikaanza kupanda. Akaacha kusikiliza. Alikitazama kijiwe mpaka mwisho.

Alipotoka, jasho likimtiririka, watu walikuwa bado wanapiga makofi. Kiunga akamwekea maikrofoni mdomoni. "Jina, guka?"

"Njura."

"Ala! Njura mwingine!" Ukumbi ukaangua kicheko. "Huku kwenu hamkosi Njura. Mlijuana na marehemu?"

Njura akatazama nyuso zile, moja moja, akitafuta mmoja ambao ungeshtuka. Zote zilikuwa zinatabasamu.

"Tulikuwa tunakaa pamoja," alisema.

"Aaa," ukumbi ukapumua kwa huruma, na mama wa safu ya tatu akajifuta macho.

Nje, kwenye chai na nduma za kuchemsha, alijisogeza hadi kwa Ndwiga, aliyekuwa na kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili. Ndwiga alikuwa ameketi mbele kabisa. Kama kuna aliyesikia, ni yeye.

"Mwenyekiti. Ule wimbo wa mwisho. Ulisikika aje huko mbele?"

"Vizuri," alisema Ndwiga, macho kwenye simu.

"Vizuri aje?"

"Vizuri tu, mzee wangu. Vizuri sana. Umechukua nduma?"

Njura akabaki na kikombe chake. Jibu hilo alikuwa amelitoa Jumapili baada ya Jumapili, na hajawahi hata siku moja kuwa upande wa kulipokea. Halikuwa na uzito wowote. Mtu angeweza kulibeba mpaka Kanja na lisimchoshe. Akashangaa kwamba Peninah aliendelea kuuliza.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama. Akafungua mlango, akasimama kizingitini kidogo, kwa mazoea, kama mtu anayesubiri kuulizwa. Hakuulizwa. Nyuma ya nyumba ng'ombe, ambaye hakuna aliyemtangazia kifo, alilia akidai majani yake ya nepia. Njura akakung'uta vumbi kwenye koti, akalitundika, akachukua panga, akaenda kumkatia.