Vidonge vya Harusi

Kabla sijamwona dada yangu nilisikia pumzi yake nje, nzito kama ya mtu aliyepanda mlima. Alipoingia, uso wake ulikuwa umevimba, miguu ingali myembamba. Vidonge vya kumnenepesha kabla ya harusi nilimnunulia mimi, na sasa niliogopa.

Jirani yetu muuguzi alivitazama. “Hivi vinaamsha protini mwilini,” alimwambia dada, “na protini hizo njo zinaamuru chembe changa zigeuke chembe za mafuta. Lakini usiviache ghafla, mama, mwili umeshavizoea, utaanguka. Twende hospitali.”

“Mashangazi wa bwana harusi wanafika kesho na boti kutoka Moba,” dada alicheka. “Munataka wanikute kama fito?”

Nilimshika mkono, nikahisi mapigo yake yakikimbia. Akauvuta taratibu, akachukua vidonge vyake, akatoka, akafunga mlango.