Kiraka cha Tumboni mwa Baba
Fahali alimchoma baba pembe chini ya kitovu, kwenye malisho yetu karibu na mashamba ya ngano ya Basotu. Hospitalini walimshona kibofu, lakini mkojo uliendelea kuvuja kupitia kidonda, na baba akaacha kukaa na watu.

Kisha akaja daktari mpya, akasema atamfungua tena. "Safari hii tutaweka kiraka."

"Kiraka cha nini, daktari?" mama akauliza.

"Yale mafuta yanayofunika utumbo. Nitayavuta humo humo tumboni mwake, niyashonee juu ya tundu."

Mama akashika mdomo. Mafuta hayo tuliyaona kila mbuzi alipochinjwa!

Baada ya upasuaji, siku alipotolewa mpira wa mkojo, tulisubiri nje ya wodi. Baba aliingia chooni, akakawia. Ghafla akapaza sauti: "Mama watoto! Njoo usikie!"

Mama alikimbia hadi mlango wa choo cha wanaume, nami nyuma yake. Tulisikiliza, tukacheka mpaka nesi akatufukuza.

Tulirudi nyumbani na lori la ngano. Baba alisimama juu ya magunia, shati kavu, akiwapungia mkono watu asiowajua.