Rangi ya Waridi Ndani ya Maziwa

Dada yangu, ambaye tulimzika kabla ya mvua, alikuwa mpimaji katika kituo cha kupokelea maziwa. Wafugaji walimwita Mama Tone, kwa sababu hawakuwahi kumwona akimimina kitu kwa haraka. Mimi naosha madebe ng'ambo ya dirisha lake.

Kazi yake ilikuwa kupima uchachu. Alitia maziwa kidogo katika chupa, akaongeza dawa inayogeuka rangi asidi ikiisha, kisha akafungua koki ya bureti, ule mrija wa kioo wenye mistari, alkali ishuke tone kwa tone huku akitikisa chupa. Alinieleza nyumbani kwamba maziwa yana asidi, na alkali huimaliza. Hufika mahali vyote viwili vimelingana, hakuna kilichobaki bila mwenzake. Mahali hapo hapaonekani. Kinachoonekana ni tone la baada yake: halikuti tena asidi ya kulizuia, basi maziwa yanaona haya kidogo, yanashika rangi ya waridi hafifu isiyopotea.

"Ukingoja ikolee, umeshapita," alisema.

Kisha husomwa alkali iliyotumika. Ikiwa nyingi, maziwa yamechacha, yanarudishwa kwa mwenyewe.

Kisukari kilimwanzia machoni, na rangi ile hafifu ndiyo iliyotangulia kumpotea. Akawa anadondosha mpaka ikolee, na maziwa mazuri yakasomeka mabaya. Mfugaji mmoja aliyerudishiwa debe alimuuliza kama siku hizi ng'ombe wake wanalishwa ndimu. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Jioni hakugusa chakula.

Tulifunga na kuomba. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba kilichokufa nyuma ya jicho hakirudi, lakini tuliomba.

Meneja hakuambiwa. Dada hakuwa na mume wala mtoto. Chumba kile na koti lake jeupe ndivyo vilivyomfanya aamke. Nilijitolea niwe namtazamia rangi, akasema siku meneja akinikuta pale tutafukuzwa wote, tule nini. Akaamua kujirekebisha mwenyewe: akawa anafunga koki kabla hajaona kitu, kwa mazoea ya mkono. Lakini maziwa ya leo si ya jana. Asubuhi moja yaliyochacha yakapita, yakamiminwa tangini pamoja na mengine, na yalipochemshwa yote yakaganda.

Meneja hakufoka. Alipanga chupa tatu mezani: moja haijatiwa alkali, moja imefika, moja imepita kidogo.

"Dada, nionyeshe iliyofika."

Nilisimama dirishani na debe mkononi, nikimsihi Mungu amrudishie jicho moja, kwa muda huo tu. Aliinua chupa moja moja kwenye mwanga, akazisogeza mpaka karibu na pua. Wenzake walitazama sakafu.

"Zote nyeupe," alisema.

Akavua koti mwenyewe, akalitundika. Nilimshika mkono tukaenda nyumbani, na hakutoka tena ila kwenda hospitali. Ugonjwa ulishuka kwenye figo, naye hakupigana nao.

Wenzangu wa ibada wananiambia kwamba huko aliko sasa anaona kila kitu. Naitikia amina, na ninaamini, maana sijui kuishi bila kuamini. Lakini mimi nilimwombea aone akiwa hapa, mbele ya meza ile, na sikujibiwa.