Rulo ya Papa

Fundi wa pikipiki ananawa mikono kwa esanse, petroli ya pikipiki, na harufu ile inanirudisha kwenye lupango letu, ua wa nyumba yetu ya Kampemba.

Papa alikuwa na mashine ya kuviringisha karatasi za choo. Jumamosi moja mama, akisafisha nyumba yote, aliisugua kwa esanse, pamoja na rulo yake, gurudumu la mpira linalovuta karatasi, mpaka ikang'aa. Mpira ukavimba upande mmoja, karatasi ikawa inapinda na kukatika.

“Nani alitia esanse apa?”

“Ni miye, papa,” mama alimjibu mumewe. “Ilikuwa buchafu, na kesho iko Pasaka.”

Nani aliwahi kumwambia kwamba esanse inaharibu mpira? Hakuna!

Kesho yake kanisani, padri aliposema tupeane amani, papa alimpa mkono kila mtu. Mkono wa mama, ungali unanuka esanse, ulibaki hewani.