Macho ya Wilonja

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mashine ya kuchapia picha ya Papa Mwepu. Ilianza kwa kukohoa mara mbili, kama mzee anayetafuta namna ya kusema jambo gumu, kisha ikasaga, krrr, krrr, ikinyamaza kidogo kila baada ya mstari. Karatasi ilitoka polepole na mtu akatoka nayo akianzia kichwani: kwanza nywele, kisha paji la uso, kisha nyusi. Kati ya nyusi na macho ilikuwa na tabia ya kusita. Papa Mwepu alisema ni uzee wa mpira wa ndani. Mimi, niliyekuwa na miaka kumi na mitano na kichwa kilichojaa ndoto, nilisema inavuta pumzi kabla ya kutazamwa. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee Riziki, ungekuwa mashine ungeongea mpaka wino iishe." Hata leo nikisikia kitu kinasaga kisha kinasita, iwe kinu cha mihogo au injini ya boti bandarini, mimi husimama, nangoja macho.

Ulikuwa ni msimu ule ziwa lilipopanda hapa Kalemie na kukataa kushuka. Maji yaliingia kwanza kwenye bustani za mchicha karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, kisha kwenye vyoo, kisha katika darasa letu. Samaki wadogo walipita chini ya madawati na sisi tukafurahi siku mbili nzima, maana mtoto hautambui msiba ukija umevaa nguo za sikukuu. Shule ikafungwa. Mama yangu, ambaye hapendi kuona mikono imelala, akanipeleka kwa Papa Mwepu, mpiga picha wa arusi na wa kanisa, mwenye kibanda cha mbao upande wa juu wa barabara, mahali ambapo maji hayajafika. Akamwambia, "Mufundishe hata kufagia." Nilifagia wiki moja. Wiki ya pili nilikuwa nimekalia kiti chake mbele ya kompyuta, na yeye amesimama nyuma yangu, anasema bonyeza hapa, usibonyeze pale.

Sijawahi kufurahi namna ile tena, nasema ukweli. Kile kibanda kilinuka wino, vumbi lililopata moto na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa kwa jirani, na kwenye kioo cha kompyuta niliweza kufanya chochote. Kata, bandika, lainisha ukingo. Niliondoa nzi kwenye keki ya arusi. Nilimvisha shemasi tai ambayo hakuwa nayo. Mfugaji mmoja alishuka kutoka Pepa na picha ya ng'ombe wake watatu, nikawasimamisha kwenye theluji, weupe mpaka magotini, naye akaitazama muda mrefu akauliza kama hawatapata kikohozi. Nilijaribu jioni kuwa asubuhi, bati lenye kutu kuwa jipya, uso wa huzuni kuwa wa tabasamu kwa kuvuta pembe za mdomo juu kidogo tu. Papa Mwepu alinipa sheria moja: kabla ya kugusa picha, fanya nakala yake, ya kwanza iache ilale. Niliitikia. Nilikuwa mtoto wa kuitikia.

Wilonja alikuwa kijana wa miaka ishirini, mtoto wa jirani yetu wa upande wa ufukweni. Wao walitoka kaskazini, pwani ya juu ya ziwa, wakaja na nyavu zao na nyimbo zao za kanisa. Alivua, na samaki wakipungua alipakia saruji kwenye boti za mbao kutoka Kabimba. Alikuwa na alama ya ndoano kidevuni na tabia moja iliyochekesha kwaya nzima: hakuna aliyewahi kumpiga picha macho yakiwa wazi. Kabla kidole hakijashuka, yeye tayari amefumba. Papa Mwepu alijaribu kumhesabia, alijaribu kumdanganya, alijaribu kumpiga akiwa anakula. Wapi. Siku ya sikukuu ya mavuno, kwaya ilipopangwa mbele ya kanisa, Wilonja alifumba tena. Alipokuja kibandani kuiona kwenye kioo alinipa ndagala kwenye karatasi, akasema, "Riziki, na hiyo mashine yako, siku moja utanifungua macho."

"Lete ndagala nyingine kwanza," nilimjibu.

"Mutoto huyu ni mwizi," akamwambia Papa Mwepu, akatoka anacheka. Nilimpenda kidogo, kwa namna ya miaka kumi na mitano, ambayo haina pa kwenda.

Majuma mawili baadaye boti aliyopanda ilizama ikitoka Kabimba. Saruji haiogelei. Watu wanne waliokotwa hai wamekumbatia mitungi mitupu, wawili waliokotwa wamekufa, na Wilonja hakuokotwa. Wavuvi walizunguka siku tatu, mvua ikiwapiga, wakarudi hawatazamani. Siku ya nne mjomba wake alikuja kibandani, nguo zimemganda mwilini. Kwa desturi ya watu wake, mtu aliyemezwa na ziwa haachwi bila kilio. Picha yake hulazwa juu ya mkeka mahali ambapo mwili ungelazwa, imefunikwa kitenge. Mama yake ndiye huifunua na kumwita kwa jina, na kabla hajaita hakuna ruhusa ya kulia, wala ya kuondoa matanga, wala ya kugawa vitu vyake. Akauliza kama tulikuwa na picha yake. Ilikuwepo moja tu, ile ya kwaya, maana zile nyingine za kufumba Papa Mwepu alikwisha kuzifuta, na ilikuwa bado haijachapwa. Papa Mwepu alikuwa anakwenda kupiga picha nyumba zilizoanguka. Aliniambia nimkate Wilonja, nimkuze, nichape. Maneno matatu.

Nilimkata. Nilimkuza mpaka akajaza kioo, na pale pale nikaona haiwezekani kumlaza kwenye mkeka akiwa amefumba, kana kwamba alikuwa amejiandaa kufa tangu sikukuu ya mavuno. Na ahadi nilikuwa nimempa, hata kama ya mzaha. Nilitafuta macho. Ya shemasi yalimfanya aonekane ana kesi. Ya bibi arusi mmoja yalikuwa na wanja. Mwisho nilisimama dirishani, mwanga unipige upande ule ule uliompiga yeye, nikajipiga picha kwa simu. Nikayakata macho yangu, nikayabandika, nikalainisha kingo, nikatia kivuli chini ya nyusi. Yakakaa, jamani. Wilonja alinitazama kwa mara ya kwanza, na mimi nikatokwa machozi kwa kujivuna. Kompyuta ikauliza kama nataka kuiweka hii mahali pa ile ya kwanza. Nikabonyeza Ndiyo, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Sikuwa nimefanya nakala. Kamera nayo Papa Mwepu alikwisha kuisafisha asubuhi ile ili apate nafasi ya picha za nyumba. Kwaya nzima, sauti nne, na yeye katikati yao amefumba, walipotea ndani ya Ndiyo moja. Mashine ikakohoa mara mbili, ikasaga, ikasita, ikatoa macho.

Walilaza picha kwenye mkeka chini ya turubai, maji ya ziwa yakisikika nyuma ya nyumba. Wanawake walikaa wakizunguka, vichwa vimefungwa. Nilikuwa nimesimama karibu na mama yangu, na lazima niseme, aibu hii nimeibeba miaka yote: nilikuwa nangoja sifa. Mama Wilonja alipiga magoti, akaondoa kitenge, akatazama. Midomo ya wanawake ilikuwa tayari imefunguka. Yeye akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Huyu njo nani?" akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza mgeni mlangoni.

Mjomba akasema, "Dada, ni mutoto wako."

"Mutoto wangu nilimuzaa mimi. Mudomo munaweza kumupa kila muntu. Macho haya haiko yake." Akaifunika tena picha, taratibu, kwa heshima. "Mutafute mama ya huyu. Mumwambie pole. Wangu haiko amekufa." Akasimama, akaingia ndani kuwasha jiko. Hakuna aliyelia siku ile. Watu waliondoka mmoja mmoja, midomo imefungwa, kama waliokatazwa kunywa maji yaliyokwisha kutiwa kikombeni.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hawakusema uchungu ukikataliwa mlango unalala wapi. Ulilala kwa Mama Wilonja. Kila alfajiri alishuka ufukweni na bakuli la bugali limefungwa kitambaa, akarudi nalo jua likiwa juu. Maji yalipanda hadi uani. Majirani walihamia kilimani na milango yao kichwani. Dada yake alikuja kumchukua mara tatu, na mara tatu akamjibu lile lile: "Wilonja akirudi, atanikuta wapi?" Maji yakaingia ndani. Akainua kitanda juu ya matofali, akabaki, pamoja na Neema, bintiye wa miaka saba, aliyeanza kukohoa kikohozi cha kizee. Ukuta wa nyuma, wa tofali bichi, ulianza kuvimba kama mkate. Watu walisema amerukwa na akili. Mimi niliyajua macho yaliyomrusha.

Nilimwambia Papa Mwepu kwanza. Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Alipangusa kioo cha kamera ambacho hakikuwa na vumbi, kisha akasema, "Mficha uchi hazai, Riziki. Enda wewe. Mi nikienda, atasikia ni biashara."

Nilikwenda mchana, sketi nimeikunja, maji ya baridi yakinifika magotini, takataka na magome ya migomba yakinigusa miguu. Mama Wilonja alikuwa amekaa kitandani na Neema amelala mapajani mwake. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, imegeuziwa mgongo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, nikakuta yamebaki manne.

"Mama, macho ni yangu."

Hakuelewa. Nikaeleza: dirisha, simu, kukata, kubandika. Akaniambia nimletee picha. Akanivuta kwa kidevu mpaka kwenye mwanga wa mlango, akaiweka karibu na shavu langu, akatazama huku, akatazama kule. Mkono wake ulinuka moshi.

"Na yake iko wapi?"

"Nimeyafuta, Mama. Siwezi kuyarudisha."

Ukuta uliangusha kipande cha udongo majini, na hakuna kati yetu aliyegeuka. "Alizaliwa amefumba," akasema. "Mukunga alimupiga makofi, akalia, hakufungua. Siku mbili. Ungeniachia huyo huyo." Kisha akaweka kidole gumba juu ya macho ya picha, kimelala, yote mawili yakafunikwa. Akatazama kilichobaki. Akapitisha kidole cha mkono mwingine kwenye mdomo, kwenye alama ya ndoano. Nilimwona akimtambua. Kilio kilianza tumboni, kikapanda kifuani, na alipomwita kwa jina Neema alishtuka usingizini akaanza kulia bila kujua analilia nini. Niliwasikia wanawake wa kilimani, wale waliongoja siku zote zile, wakipokea kilio kile kutoka mbali, mmoja baada ya mwingine. Kesho yake alihama. Ukuta ulianguka juma lile lile.

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba; kuna vitu mtu haombi. Tukikutana sokoni alinisalimu vizuri, lakini alitazama mdomo wangu, kamwe si juu ya hapo.

Sikurudi shule. Nina kibanda changu sasa, na bado naota ndoto nyingi, nyingine za kuchekesha. Siku hizi hakuna mtu anayehitaji fundi wa kumfungua macho. Simu inafanya hivyo kwa kugusa mara moja, inampunguzia mtu pua, inamwongezea mwanga, na watu wanalilia sura ambazo mama zao wasingezitambua. Wakiniletea picha ya marehemu nafanya nakala, natoa doa la maji, basi. Wananiambia, "Riziki, uko wa zamani." Nina miaka ishirini na mitatu. Ziwa limeshuka kidogo, limeacha mstari mweupe kwenye kuta zilizosimama, na watoto wanapima urefu wao kwenye mstari huo.

Mama Wilonja alifariki mvua za kwanza za mwaka huu, kilimani kwa dada yake, mahali pakavu. Baada ya matanga Neema, ambaye sasa ananipita urefu, aliniletea picha imefungwa kitenge. "Mama alisema irudi kwako," akasema, akaenda zake. Nilifunga mlango ingawa ilikuwa mchana na wateja wangeweza kuja. Juu ya macho kulikuwa na utepe wa kitambaa cheusi, umeshonwa kwenye karatasi yenyewe, mishono midogo, ya mtu aliyechukua muda wake. Nilitafuta wembe, nikaikata mmoja mmoja. Macho yangu ya miaka kumi na mitano yakanitazama, maangavu, yanangoja sifa. Niliinua picha mpaka ikawa sawa na uso wangu, nikafumba macho, nikakaa hivyo.