Nilivyomchagulia mtu amplifaya ya gari kwa mizani ya maharage, kutoka Biharamulo hadi Rulenge

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimeona humu kuna mtu anauliza anunue amplifaya gani kwa ajili ya gari lake, na nusu ya waliomjibu wamemwambia achukue iliyo nzito. Nimecheka mpaka nimejishika mbavu. Nawapa kisa changu kama kilivyokuwa. Mahali nitakapoonekana mjinga, msinitetee, ni kweli nilikuwa mjinga.

Kwanza mnijue. Mimi shule niliachia darasa la sita. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhamahama, leo hapa nabeba matofali, kesho pale nauza vocha za simu. Ninachopenda ni kuangalia watu wanavyofanya kazi na kuuliza maswali mpaka wanifukuze.

Asubuhi moja niliamka Biharamulo mjini, kwenye gesti ambayo nilikuwa nimekaa miezi miwili. Nikaangalia dari. Nikaona nimeshaijua ile dari yote. Nikafunga begi, nikarudisha ufunguo, nikatoka.

Mpango sikuwa nao. Nilijiambia gari la kwanza litakaloniita ndilo nitakalopanda.

Hata stendi sikufika. Njiani kuna duka la spea na redio za magari, na mlangoni jamaa mmoja mnene, shati limeloa jasho saa mbili asubuhi, alikuwa anabishana na muuzaji. Mezani kuna amplifaya tatu. Nje kuna pikapu ya milango minne, ile ya kubeba familia na mzigo pamoja, na nyuma yake kuna spika mbili kubwa kama makabati.

Nikasimama. Wakuu, mimi kuona mtu anachagua kitu na kupita kimya siwezi.

Jamaa anaitwa Stani. Ananunua maharage Kanazi na Mabawe kwa wakulima, anapeleka Kahama. Mke wake ni wa Rulenge, na kesho yake, Jumamosi, shemeji yake mdogo alikuwa anaoa. Stani alikuwa ameahidi ukweni kwamba gari litakaloongoza msafara kwenda Mabawe kumchukua bibi harusi ni lake, na muziki juu.

Tatizo ni kwamba alishawahi kuahidi hivyohivyo harusi iliyopita. Muziki ukakata njiani, akina mama wakaimba wenyewe kwa midomo mpaka kanisani, huku spika zinawaangalia tu. Tangu siku ile ukweni wanamwita Mkwe Kimya. Watoto wanamwita hivyo. Mama mkwe naye anamwita hivyo, tena kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo inauma zaidi.

Kwa hiyo Stani hakuwa ananunua amplifaya. Alikuwa ananunua jina.

Nikamwambia, bosi, hivi vitu mimi navijua.

Hapo nilisema uongo wa robo tatu. Niliwahi kukaa Kahama miezi mitatu pembeni ya meza ya fundi redio, namshikia waya. Yule mzee alikuwa na kanuni moja: akiletewa amplifaya anaipima kwa mkono, ikiwa nzito anasema hii ndiyo yenyewe, ina chuma cha kupozea na koili za maana. Kwa mashine za zamani alikuwa sahihi kabisa. Mimi nikaibeba kanuni, sababu nikaiacha Kahama.

Nikamweleza Stani: nzito ndiyo yenye nguvu.

Macho yakamwaka. Mnunuzi wa maharage ukimtajia uzito umeongea lugha yake. Akaenda kwenye gari, akarudi na mizani yake ya kuning'iniza na kiroba. Amplifaya ya kwanza tukaitia kwenye kiroba, tukaining'iniza kwenye mti wa juu ya mlango. Ya pili. Ya tatu ikavuta mshale kuliko zile mbili ukizijumlisha. Juu imeandikwa wati elfu sita, na ina taa ya bluu.

Watu wameshajaa, kila mmoja anasoma mshale.

Muuzaji hakubisha hata neno. Alikuwa anatabasamu tu. Hapo ndipo nilipaswa kustuka.

Stani akalipa, akachukua na waya wake mnene wa kwenye pakiti, unene wa kidole. Nikafunga mimi mwenyewe palepale. Ikawaka bluu, ikapiga. Akaniambia panda mdogo wangu, wewe ni fundi wa msafara, ukweni watakulisha na kukulaza.

Ndivyo nilivyopata safari.

Njiani Stani alinipa darasa la maharage. Wakulima wajanja, alisema, wanatia mawe katikati ya gunia ili lizidi uzito. Ndiyo maana hatembei bila bambo. Kwa msiolijua, ni kile chuma chenye ncha na mfereji, unachoma gunia, punje za katikati zinatoka zenyewe unaziona. Lake lilikuwa limekaa juu ya dashibodi, linang'aa kama kisu cha mchinjaji.

"Nachoma kila gunia," alisema. "Hata la padri nimeshalichoma."

Nikamuuliza, na la mama mkwe?

Akanitazama kama nimetukana.

"Wewe una adabu kweli? Gunia la mama mkwe unalichoma bambo ukitafuta nini?"

Kumbe ukweni akinunua anapokea magunia kama yalivyo, anashukuru, anapakia.

Nusu saa ya kwanza tulikuwa wafalme. Watu wa pembeni ya barabara wanageuka, mbuzi wanaruka mitaro. Baada ya Nyakahura Stani akaongeza sauti. Muziki ukakohoa. Akaongeza tena, ukakata. Akapunguza, ukarudi kidogo ukikwaruza, halafu harufu ya plastiki inayoungua ikatufikia mbele, taa ya bluu bado inawaka bila aibu.

Stani alizima redio, akakaza macho barabarani. Mimi nilikuwa naangalia misitu kama mtu anayependa sana miti.

Tulipoingia Rulenge alipita njia ya nyuma ili wa ukweni wasimwone. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kutengeneza. Nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza siku ile: siwezi.

Watu wakatuelekeza kwa fundi mmoja karibu na soko. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Ni dada wa kama miaka thelathini, anaitwa Adela, kitenge kiunoni na bisibisi juu ya sikio kama kalamu. Kumbe Stani anamjua, maana mama yake Adela humuuzia maharage.

Adela hakuigusa kwanza. Aliisoma. Akaniita.

"Fundi wa msafara, hapo pembeni fyuzi imeandikwa ngapi?"

"Ishirini."

"Betri ya gari ni volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Zidisha."

Wakuu, nilizidisha kwa kijiti kwenye vumbi, watu wanaangalia. Ikaja wati mia mbili na arobaini.

"Hicho ndicho inachoweza kula," akasema. "Sasa itatapikaje elfu sita?"

Kisha akasema fyuzi nayo inaweza kudanganya, ndiyo maana yeye hufungua. Skrubu nne. Kifuniko kikatoka.

Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha umeme, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kimeungua pembeni. Na chini yake, upana wote wa boksi, kipande cha zege. Zege, wakuu. Limemwagwa vizuri, limesawazishwa, na kona moja kuna kokoto inachungulia.

Adela alilitazama zege, akamtazama Stani, akatazama bambo kwenye dashibodi.

"Kaka Stani. Gunia la mama yangu unalichoma mara tatu. Hii umeshindwa kufungua skrubu nne?"

Watu walicheka hadi muuza ndizi ng'ambo akaja kuuliza kuna nini. Nami nilicheka, halafu nikakumbuka nani alileta wazo la mizani, nikaacha.

Akachukua ule waya mnene, akaukata ncha. Plastiki yote ile, na ndani kuna nyuzi chache nyembamba za rangi ya fedha. Alisema ni kama mtu mwembamba aliyevaa makoti matatu. Usinunue waya kwa kuangalia koti, kata uone mwili, na utafute shaba tupu.

Stani alikaa kwenye kigoda. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho hatakwenda, atasema gari limeharibika. Mtu mzima yule, wakuu, alikuwa na sura ya mtoto aliyepoteza ng'ombe. Nilijisikia vibaya kwelikweli.

Adela akaingia ndani, akarudi na kitu kimekwaruzwa, hakina taa, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Kilitoka kwenye gari lililopata ajali. Fyuzi mbili za ishirini na tano. Akasema hamsini mara kumi na mbili ni wati mia sita zinazoingia, toa zinazopotea kwa joto, bado una zaidi ya mia nne za kweli, na spika zako hizo zinatosheka.

Stani akakipima kwa mkono. Mazoea.

"Ni chepesi kama mkate."

"Za siku hizi hazihitaji chuma kingi," Adela alisema. "Chukua, pigia harusi. Jumatatu ukiona hakifai, rudisha. Ila niachie bambo."

Stani alilishika bambo kwa muda mrefu kabla ya kulitoa.

Kisha kazi ikaanza, na mwenye kuifanya ni mimi, yeye anaelekeza. Fyuzi ya waya mkubwa ikae karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani ikatike fyuzi, lisiungue gari. Waya wa umeme upite upande mmoja, nyaya za sauti kutoka redioni zipite upande mwingine, ukizichanganya utasikia injini ikilia ndani ya spika. Waya mdogo wa kuiwasha uufunge redioni, usiufunge moja kwa moja kwenye betri, la sivyo asubuhi betri imekufa. Na waya wa ardhi uwe mfupi, kwenye bodi ya gari, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae.

Hiyo ya mwisho nilikwangua kidogo nikaona inatosha, maana tulipojaribu kwa sauti ndogo ilipiga, Stani akazima ili awashtukize ukweni. Kumbukeni hapo.

Saa kumi na moja jioni tukaingia ukweni. Uwanjani akina mama wanamenya ndizi, lundo kama kichuguu. Mtoto mmoja akakimbia mbele akitangaza kwamba Mkwe Kimya amefika. Vicheko vya kuzibwa na kanga.

Stani akashuka, akasalimia, shikamoo mama, marahaba. Mama mkwe, mama mwembamba mrefu mwenye kisu mkononi, akasema karibu mkwe, mbona mmekuja kimya.

Stani akanyoosha mkono redioni. Akawasha.

Kimya.

Akaongeza. Kimya. Akanigeukia, na sijawahi kutazamwa vile na mtu ambaye simdai wala hanidai.

Nikakumbuka rangi. Nikamwomba mama aliye karibu kisu chake cha ndizi, nikazama nyuma ya kiti, nikafungua ile nati na kukwangua kama mtu anayetafuta maji. Chuma kikang'aa. Nikakaza. Sijatoa hata kichwa, besi ikanipiga mgongoni.

Vifuniko vya masufuria vikaanza kucheza vyenyewe. Maganda ya ndizi yakateleza kutoka kwenye lundo. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa akainuka na kuanza kucheza akiwa bado ameshika ndizi yake.

Mama mkwe alisogea mpaka dirishani kwa Stani, ikabidi apaze sauti.

"Mkwe wangu, punguza. Kuku wa harusi wanakimbia."

Mkwe wangu. Basi, hakuongeza neno lingine nyuma yake. Stani alikuwa analia machozi ya kweli na hakupunguza.

Funzo ni fupi, ndugu zangu. Yaliyoandikwa juu ya boksi yasome, uyasahau. Soma fyuzi, kata waya, fungua kifuniko. Muuzaji akikataa usifungue, hapo ameshakujibu. Mizani waachieni wa maharage.

Sasa malazi, maana niliahidiwa.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni, nikapewa stoo. Magodoro yamekwisha, nikatandikiwa mkeka na blanketi juu ya magunia ya maharage ambayo Stani alikuwa amenunua jioni ileile kwa mama mkwe wake, kwa furaha, bila kupunguza bei hata kidogo. Nikajitupa kujaribu kitanda changu kipya kabla ya chakula.

Kitu kikanichoma ubavuni.

Nikahama gunia la pili. Kikanichoma mgongoni. Nikapapasa. Wakuu, punje ya maharage naijua, na hii haikuwa punje. Ilikuwa na ukubwa wa ngumi.

Nikiwa nimeinama hivyo, mkono umezama kwenye gunia, mama mkwe akaingia na beseni la maji ya kuoga. Akaniona. Akaliweka beseni chini taratibu.

"Fundi, umepapenda hapo pa kulala?"

"Nimepapenda sana, mama."

"Basi usigeukegeuke."

Akatoka.

Nililala chali mpaka asubuhi bila kugeuka. Stani mpaka leo sijamwambia, na bambo nalo lilikuwa kwa Adela.

Haya, mliofunga muziki mkubwa kwenye magari, wekeni hapa mlichokikuta ndani ya vifuniko. Na wenye wakwe wakulima mniambie: ninyi mngemwambia?