Mgeni Asiye na Wadi

Kabla hajawa mheshimiwa, Rael Asekon alikuwa wakili wa wafanyakazi, na wakili wa wafanyakazi Lodwar hanenepi. Aliwatetea wapakuaji wa malori Kakuma, wapara samaki wa Kalokol na mayaya waliofukuzwa bila notisi. Wengine walimshukuru kwa mbuzi, wengine kwa mdomo. Hao hao ndio waliompeleka bunge la kaunti Machi 2013.

Kesi zake aliwagawia mawakili wenzake, isipokuwa moja. Nyachuol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa mkalimani wa zahanati katika kambi ya Kakuma. Alifukuzwa kwa kuuliza kwa nini Mkenya akifanya kazi ile ile hupata mshahara, naye hupewa kitu kinachoitwa motisha.

"Usiweke sahihi popote bila mimi," Rael alimwambia.

"Sawa, dada."

Lakini ukubwa ni jaa. Kila asubuhi ua wa Rael ulifurika shida: karo, maji, mazishi, mbuzi walioibwa, hata mume aliyetoroka. Alichoka, akachoka tena, mpaka akawa anasinzia bungeni bajeti ikisomwa. Mwishowe akamwamuru bawabu wake, Ekal, "Wa wadi yangu tu. Wengine waende kwa waheshimiwa wao. Kwani wao walichaguliwa wafanye nini?"

Agosti, Nyachuol akaja. Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali, na chake kilikuwa cha siku moja. Shirika linaloendesha zahanati lilikuwa limemwambia akiri kosa kwa maandishi, afute kesi, arudishwe kazini. La sivyo nafasi apewe mwingine. Alitaka kumuuliza dada.

"Ejok, mama," Ekal alimsalimu kwa heshima zote. "Wewe ni wa wadi gani?"

"Mimi ni wa kambi."

"Kambi haina wadi, mama."

Ndani, Rael alikuwa amelala kitini na viatu miguuni.

Alipata habari baadaye, Ekal akijisifu jinsi alivyolinda lango. Alitaka kumfokea, akakumbuka amri ilikuwa yake mwenyewe. Akashika njia ya Kakuma, moyo mzito.

Alimkuta Nyachuol zahanati, kazini. Nyachuol alisimama.

"Karibu, Mheshimiwa."

Neno lile lilimchoma Rael. "Uliweka sahihi?"

"Niliweka." Akageukia foleni ya wagonjwa. "Mimi nilikuwa na wakili Lodwar, jina yake Rael. Ukiona yeye, mwambie nilifika."